Kupanga mada kuanzia mwisho: jibu kwa mwalimu wa Ukerewe

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kisiwani Ukerewe, anayefundisha Hisabati na Sayansi katika darasa la sita lenye wanafunzi 96, ameniuliza hivi: “Katika mafunzo kazini tulielekezwa kupanga mada kuanzia mwisho, yaani kuamua kwanza mwanafunzi aweze kufanya nini, kisha kuandika namna ya kumpima, na shughuli za darasani ziandikwe mwisho kabisa. Niliporudi shuleni nilikwama. Naona hii ni kufundisha kwa ajili ya mtihani kwa jina jingine. Tena fomu ya andalio la somo ina mpangilio wake, inaanza na utangulizi na kuishia na tathmini, na mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija ndiyo atakayoitaka. Na wanafunzi 96 nitawapimaje? Je, wewe uliwahi kuyafanya haya darasani, au unayafundisha tu?”

Mwalimu mwenzangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa kama jibu lake ni hapana, hayo mengine huna sababu ya kuyasoma. Nimeyafanya. Kabla sijawa mkufunzi hapa Mwanza nilifundisha shule za msingi kwa miaka 14, mingi kati ya hiyo katika kata za kando ya ziwa, na kilichonisukuma kubadili namna ya kupanga ni mada moja niliyoifundisha kwa furaha kubwa na kuiharibu.

Ilikuwa mada ya mnyororo wa chakula. Niliona sina sababu ya kuchora nyasi, swala na simba ubaoni ilhali ziwa liko hatua chache kutoka dirishani, kwa hiyo nikawapeleka watoto mwaloni asubuhi, wakati mitumbwi ya dagaa inaporudi. Walichora samaki, walihesabu ndoo, waliwahoji wavuvi, na waliimba njia nzima ya kurudi. Mwalimu mkuu alifurahi, wazazi walifurahi, nami nilijiona mwalimu wa kupigiwa mfano. Wiki iliyofuata nikauliza: dagaa wote wakivuliwa, sangara atapatwa na nini, na kwa nini? Wengi waliandika kwamba sangara wataongezeka kwa sababu watapata nafasi ziwani. Mtoto mmoja aliandika maneno matatu tu: “Mama atafunga genge.” Nikamwekea kosa.

Jibu lile limenikaa rohoni hadi leo. Katika darasa zima, yeye peke yake ndiye aliyeona kwamba kitu kikiondoka kuna mwingine aliyekitegemea atakayeumia, na hilo ndilo kiini cha mada yenyewe. Alichobakiza ni kulihamisha wazo hilo kutoka gengeni hadi majini, akumbuke kwamba sangara naye hula dagaa. Ningeweza kuanzia kwake na kulifikisha darasa zima ndani ya nusu kipindi. Lakini kabla ya safari ile sikuwa nimejiuliza jibu la mwanafunzi aliyeelewa litafananaje, kwa hiyo lilipokuja mezani kwangu sikulitambua.

Wazo la kuanza na mwisho si geni. Mwaka 1949 Ralph Tyler wa Chuo Kikuu cha Chicago aliwawekea wapangaji wa mitaala maswali manne: shule inakusudia kufikia malengo gani, ni uzoefu gani wa kujifunza utakaoyafikisha, uzoefu huo upangweje, na tutajuaje kama malengo yamefikiwa. Tazama mpangilio huo: swali la upimaji ni la nne. Utaratibu mliofundishwa ulienezwa kuanzia mwaka 1998 na Wamarekani wawili, Grant Wiggins na Jay McTighe, na kwa maoni yangu jambo kubwa walilolifanya ni kulitoa swali la nne na kulipandisha hadi nafasi ya pili. Malengo tunayaandika kwanza sote tangu chuoni, hapo hatujajifunza kitu kipya. Kinachotushinda ni kuuandika ushahidi kabla hatujagusa shughuli, kwa sababu shughuli ndizo tamu kuzifikiria. Hao wawili pia waliwaonya walimu dhidi ya makosa mawili pacha, moja likiwa ni shughuli nyingi zisizo na fikra ndani yake, ambalo ni safari yangu ya mwaloni kama ilivyokuwa, na jingine ni kukimbiza muhtasari wa somo ukurasa kwa ukurasa ili mada ziishe, ambalo nadhani tunalifahamu sote inapofika Septemba.

(Wengine huuita utaratibu huu kupanga kinyumenyume. Jina hilo silipendi, maana aendaye kinyumenyume haoni aendako, na mpango huu kazi yake ni kumwonyesha mwalimu anakokwenda.)

Sasa kuhusu mtihani. Hofu yako ina msingi, na nimewaona walimu walioelewa hivyo hivyo: wanachukua karatasi za miaka iliyopita, wanachagua maswali ya mada, wanayafundisha hayo hadi watoto wayajue, kisha wanasema wamepanga kuanzia mwisho. Mtihani wa darasa la saba una maswali mengi ya kuchagua herufi, na herufi iliyozungushiwa duara inakueleza kidogo sana kuhusu njia aliyopita mtoto kuifikia. Huenda amekokotoa, huenda amekumbuka, huenda amebahatisha. Mwisho unaotakiwa kuuandika wewe ni kazi ambayo mwanafunzi hajaiona, anayoifanya mwenyewe, na ambayo hawezi kuimaliza bila kutumia kile ulichokusudia akijue. Ukilivua swali nguo zake na kulivika nyingine, ukaweka pamba mahali pa dagaa au Geita mahali pa Nansio mjini kwenu, aliyeelewa atalifanya na aliyekariri atakwama. Kipimo hicho hakimzuii mtoto kufaulu mtihani wa taifa. Kinachomzuia ni swali la mtihani kuja na sura ambayo mwalimu hakuizoeza.

Nikupe mfano wa Hisabati, kwa kuwa hapo ndipo faida ya utaratibu huu ilipoonekana kwangu waziwazi. Mada ni faida na hasara. Vitabu vingi huizungumzia kwa mifano ambayo bei ya kununulia na bei ya kuuzia zimetolewa tayari, mtoto anatoa moja katika nyingine na kazi imekwisha. Nilipojilazimisha kuandika kwanza kazi ya mwisho, niliandika hivi: mama amenunua ndoo 10 za dagaa wakavu kwa shilingi 12,000 kila ndoo, amelipa shilingi 8,000 kuzisafirisha kwa boti hadi Mwanza mjini, na njiani mvua imeharibu ndoo 2 zisizofaa tena kuuzwa, zilizobaki ameziuza kwa shilingi 17,000 kila moja. Amepata faida au hasara, na ya kiasi gani? Na kabla hajaanza kuuza, kila ndoo alipaswa kuiuza angalau kwa shilingi ngapi ili asipate hasara? Bei hizo nilizitunga ili hesabu itoke bila desimali, lakini habari yenyewe si ya kutunga, maana hakuna mtoto wa kando ya ziwa asiyemjua mama huyo.

Gharama yote ni shilingi 128,000, mauzo ya ndoo 8 ni shilingi 136,000, faida ni shilingi 8,000, na bei ya chini isiyo na hasara ni shilingi 16,000. Kwa mtu mzima ni hesabu ya dakika mbili. Lakini nilipoitazama kazi hiyo na kujiuliza mtoto anahitaji kujua nini ili aimalize, niliona pengo ambalo sikuwahi kuliona kwa miaka: sikuwa nimewahi kufundisha gharama ni nini. Nilifundisha kutoa. Sikuwa nimewahi kumweleza mtoto kwamba nauli ya boti ni sehemu ya gharama, wala kwamba ndoo iliyoharibika ilinunuliwa kama zile nyingine ingawa haitauzwa. Azimio langu la kazi la zamani, yaani mpango wa vipindi vya mada, lilikuwa na vipindi vinane vya kutoa namba, vyote vikiwa na zana, nyimbo na makundi. Azimio jipya lilikuwa na vipindi viwili vya kutoa namba, na vitatu vya kupambanua kitu gani kiingie kwenye gharama na kitu gani kisiingie. Shughuli zilizobadilika hazikubadilishwa na ubunifu wangu. Zilibadilishwa na swali lililoandikwa kabla yao.

Hapo pia ndipo jibu la wanafunzi 96 lilipo. Ukisahihisha daftari moja kwa dakika mbili, daftari 96 zitakula zaidi ya saa tatu, na hakuna mwalimu mwenye saa hizo kila juma. Lakini swali lililoandikwa mapema, kwa utulivu, unaweza kulitengeneza hivi kwamba kila jibu la makosa linakutajia kosa lake. Katika swali la dagaa, mtoto akiandika faida ya shilingi 16,000 amesahau nauli. Akiandika 32,000 ameziondoa ndoo mbili zilizoharibika kwenye manunuzi kama vile hazikulipiwa. Akiandika 42,000 ameikumbuka nauli lakini ameuza hata ndoo zilizolowa, na akiandika 50,000 amezisahau zote mbili, nauli na mvua. Kwa hiyo huhitaji kusahihisha. Waandikie kwenye kipande cha karatasi, robo ya ukurasa inatosha, kusanya, kisha gawa mafungu mezani kwa kutazama jibu tu. Kazi hiyo haizidi robo saa hata kwa darasa lako. Kesho yake unajua kwamba watoto 40, tuseme, wana tatizo la nauli, na hao unawafundisha nauli, huku waliofika ukiwapa swali la pili. Alama za kuingiza kwenye kitabu cha maendeleo utazichukua kwenye majaribio ya kawaida. Vipande hivi ni vya kukuongoza wewe, na watoto wakijua kwamba havina alama huacha kuchungulia kwa jirani.

Maswali ya namna hiyo hayaandikiki asubuhi ukiwa njiani kuelekea darasani. Linanichukua hata jioni nzima kulipata moja zuri, na ndiyo sababu nakushauri usijaribu kupanga hivi kwa kila kipindi. Mimi nilijaribu, wiki ya tatu nilikuwa nimeacha, na karibu nirudi kwenye mazoea yangu yote ya zamani kwa hasira. Panga kwa mada nzima. Mada ya vipindi vinane inahitaji kazi moja ya mwisho iliyofikiriwa sawasawa na kipimo kimoja kidogo katikati, karibu na kipindi cha tatu, cha kukuonya mapema. Na kazi ya mwisho usiiweke kipindi cha nane. Iweke cha saba, ili cha nane kibaki cha kurekebisha yaliyojitokeza, kwa sababu kipimo kinachofanyika siku ya kufunga mada kinakuonyesha kosa baada ya muda wa kulitengeneza kupita.

Kwa shule za mialoni kuna jambo jingine ambalo sijaliona katika mafunzo yoyote. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapong’aa sana taa hazivuti samaki, hivyo wavuvi hupumzika siku kadhaa. Nilipofundisha karibu na mwalo, siku za giza mahudhurio ya asubuhi yalipungua kwa sababu watoto walibaki kusaidia kuanika, na siku za mbalamwezi darasa lilijaa. Nilianza kuutazama mwezi kabla ya kuandika azimio: kipimo cha katikati na kazi ya mwisho viliangukia siku za mbalamwezi kila ilipowezekana. Wewe uko kisiwani, huenda unalijua hili kuliko mimi.

Fomu ya andalio la somo isikutishe. Mpangilio wake, kuanzia utangulizi, maarifa mapya na kuendelea hadi tathmini, ni mpangilio wa kufundisha, yaani jinsi kipindi kitakavyokwenda mbele ya watoto, na huo haubadiliki. Hakuna anayekulazimisha kuijaza kwa kufuata safu zake. Jaza umahiri mahususi, yaani kile mwanafunzi atakachoweza kukifanya, ruka hadi sehemu ya tathmini uandike swali lenyewe kwa ukamilifu, usiandike tu “maswali ya mdomo” kama tulivyozoea, kisha panda juu ujaze maarifa mapya, na utangulizi uwe wa mwisho. Mthibiti ubora ataona fomu iliyojazwa, na akiwa mtu makini ataona kitu cha ziada, kwamba tathmini yako inapima kilekile kilichotajwa kwenye umahiri. Mimi nilipokaguliwa niliulizwa swali moja tu kuhusu utaratibu huu, nalo lilikuwa kwa nini utangulizi wangu ni mfupi.

Kuhusu hatua ya kwanza nitasema kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa umekwisha kufanyiwa. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 umetaja umahiri mkuu na umahiri mahususi, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeupanga katika mihtasari. Kazi yako ni kuyageuza maneno yasiyoonekana yawe matendo yanayoonekana. Hakuna aliyewahi kumwona mtu kwa macho “akielewa” au “akifahamu” jambo. Unachoweza kukiona ni mtoto anaeleza kwa nini, anakadiria, anachagua na kutetea alichochagua, anagundua kosa katika kazi ya mwenzake. Ukishindwa kuligeuza lengo fulani kuwa tendo, mara nyingi tatizo ni kwamba wewe mwenyewe hujaamua unataka nini.

Nisingependa uamini kwamba utaratibu huu unatosha kwa kila kitu. Mwanafunzi wa darasa la kwanza anayejifunza kusoma anahitaji mazoezi ya kila siku ambayo mwisho wake unajulikana bila kuandikiwa jioni nzima. Shairi au hadithi nayo, ukiifunga mno kwenye swali moja la mwisho, inanyauka. Na hata katika Hisabati, darasa linaweza kukupita. Mara ya pili nilipotumia swali la dagaa, msichana mmoja alipata shilingi 8,000 kama ilivyotakiwa, kisha akanyoosha mkono kuuliza kwa nini tunaiita faida wakati mama amekesha, amesafiri, ameuza kutwa nzima juani, na hakuna mahali tulipomwandikia malipo yake. Mpango wangu haukuwa na safu ya swali hilo. Nilitumia kipindi cha nane chote kulijadili, wale wa nauli wakasubiri hadi wiki iliyofuata, na mthibiti ubora angekuja siku hiyo angekuta andalio linasema jambo moja na darasa linafanya jingine. Mada ilipofundishwa tena mwaka uliofuata, saa za kazi za mama zilikuwamo kwenye swali.

Kwa kuanza, chagua mada moja ya Hisabati muhula huu na uache nyingine ziende kama ulivyozoea. Iandike kazi ya mwisho kwanza, uifanye mwenyewe kwa kalamu, halafu ifanye tena kama mtoto aliyesahau jambo moja, kisha kama aliyesahau mawili, na uorodheshe majibu yatakayopatikana. Majibu mawili ya makosa tofauti yakifanana, badilisha namba. Usitumie bei zangu. Tuma watoto waulize bei ya ndoo mwaloni kwenu na nauli ya kutoka Nansio hadi Mwanza, kwa sababu wakikuta namba isiyolingana na wanayoijua watabishana nayo kipindi kizima badala ya kukokotoa.